Aliye Juu Kuliko Walio Juu

Mtoto anayejifunza Kiingereza hufundishwa kwamba sifa ipitayo nyingine zote husemwa kwa njia moja tu: ama neno most hutangulia, ama -est huja mwishoni. Akitia zote mbili, mwalimu hupiga mstari mwekundu.

Basi akifungua Zaburi za Kiingereza zilizotafsiriwa na Myles Coverdale na kuchapwa mwaka 1539, atamkuta Mungu akiitwa most Highest. Je, mtafsiri alikosa? La. Zamani zile Waingereza waliandika hivyo bila haya. Hata Shakespeare, pale Antony anapowaonyesha watu tundu la kisu cha Brutus katika joho la Kaisari, aliandika most unkindest, kwa maana pigo lile la rafiki lilipita yote kwa ukatili.

Wanasarufi wa karne ya 18 ndio waliokataza. Hata hivyo mmoja wao, kasisi Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, aliliachilia lile neno la Zaburi: alisema lamstahili Mungu, aliye juu kuliko aliye juu kabisa.

Sisi nasi husema “kabisa kabisa”, wala hatugombezwi. Ila tukisema “juujuu” tumeharibu: hapo twataja jambo lisilo na kina.