KURA YA RAIS NI YA MWANANCHI

Somalia inajadili namna ya kumpata Rais wake. Mjadala huo unatuhusu. Nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024, na la ndugu ni letu.

Katika mwaka 2012, 2017 na 2022 Rais wa Somalia alichaguliwa na wabunge. Tarehe 15 Mei 2022 Ndugu Hassan Sheikh Mohamud alipata kura 214, na aliyekuwa Rais, Ndugu Mohamed Abdullahi Mohamed, kura 110. Wabunge wa Baraza la Wananchi nao walichaguliwa na wajumbe 101 kwa kila kiti, walioteuliwa na wazee wa koo na viongozi wa jamii.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja. Al-Shabaab bado wanaua watu, na mgawanyo wa viti kwa koo umezuia baadhi ya ugomvi. Mashauriano ya wazee ni jambo jema. Lakini kura zikiwa mikononi mwa watu mia tatu, mwenye fedha anajua milango ya kubisha. Kiongozi aliyepatikana hivyo huwajibika kwa waliomchagua, na mkulima hubaki mtazamaji.

Sisi tuliiona tofauti hiyo. Tanganyika ilimchagua Rais wake kwa kura ya wananchi mwaka 1962, Mwalimu Nyerere akishindana na Ndugu Zuberi Mtemvu. Ndugu zetu wa Visiwani walingoja zaidi. Mwaka 1972, Mzee Karume alipouawa, Baraza la Mapinduzi ndilo lililomteua Ndugu Aboud Jumbe. Wananchi hawakumpigia kura Rais wa Zanzibar hadi mwaka 1980. Miaka mitano baadaye, Ndugu Idris Abdul Wakil, akiwa mgombea pekee, hakufikia theluthi mbili ya kura. Wananchi walisema neno lao, na viongozi walilisikia. Kikao cha wateule kisingelitamka hivyo.

Hata hivyo tusijidanganye. Kura ya moja kwa moja peke yake haitoshi. Toka 1965 hadi 1990 tulipewa jina moja la kulikubali au kulikataa. Mpiga kura anahitaji daftari safi, chaguo la kweli na hesabu inayoaminika.

Kwa hiyo tunaona Somalia iuache utaratibu wa wateule, lakini kwa hatua. Mwaka 2024 Bunge lake lilipitisha sheria ya kura ya kila mwananchi. Puntland na Jubaland zilipinga. Desemba 2025 wakazi wa Mogadishu walichagua madiwani wao kwa kura zao wenyewe. Kuanzia chini ni busara. Kulazimisha majimbo yasiyoridhika si busara.

Mvuvi wa Liuli, hapa Wilaya ya Nyasa, ana kura moja ya Rais sawa na tajiri wa Dar es Salaam. Maofisa wetu wanaotunza madaftari na masanduku wakumbuke kwamba hiyo ni amana. Mvuvi wa Kismayu naye anaistahili.