Mguu au Kiuno? Swali la Kuulizwa Kabla ya Upasuaji wa Mgongo

Katika kliniki za mifupa si ajabu kumwona mgonjwa akiingia na bahasha kubwa ya picha kwapani. Kabla hajaketi vizuri, amekwisha kutamka hukumu aliyopewa kwingine: pingili zimesagika, diski imetoka, hakuna njia ila upasuaji. Daktari anapomwuliza maumivu yako wapi, yeye hunyoosha mkono na kumkabidhi bahasha. Hapo ndipo maamuzi mengi kuhusu mgongo huanza kwenda kombo, kwa kuwa picha imeachwa iseme badala ya mwili.

Picha ya MRI ni chombo cha thamani, lakini haipigi picha ya maumivu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyokusanya taarifa za watu 3,110 wasioumwa mgongo kabisa, yalionyesha kwamba diski, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, ilikuwa imeanza kuchakaa kwa asilimia 37 ya watu wenye umri wa miaka 20 na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa wengi, kuchakaa huko ni jambo la umri kama mvi kichwani. Mhudumu wa afya anayemwambia mzee wa miaka sitini kwamba pingili zake zimesagika, kisha akanyamaza, hajasema uongo. Amempa hofu tu badala ya maelezo. Mzee huyo ataanza kuogopa kuinama, ataacha shamba, misuli ya mgongo italegea, na maumivu yataongezeka kwa sababu ambayo haimo katika picha.

Tangu mwaka 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston walipoeleza jinsi diski iliyopasuka inavyobana mshipa wa fahamu na kuleta maumivu ya mguu, kazi ambayo upasuaji wa kiuno huifanya vizuri zaidi imebaki ile ile: kuondoa kinachobana. Kwa hiyo swali la kwanza linapaswa kuwa jepesi kiasi kwamba hata mhudumu wa zahanati anaweza kuliuliza. Kinachomtesa zaidi mgonjwa ni mguu au kiuno? Maumivu yanayoanzia kwenye tako na kushuka hadi chini ya goti, yakiambatana na ganzi au udhaifu, na yakilingana na mshipa uliobanwa katika picha, hujibu vizuri kwa upasuaji. Maumivu yanayobaki kiunoni peke yake ni habari nyingine, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo waziwazi kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Hata maumivu ya mguu hayana haraka kwa kila mtu. Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na siatika kali kwa wiki 6 hadi 12. Nusu yao walipangiwa upasuaji wa mapema. Wengine waliendelea na tiba ya kawaida, wakifanyiwa upasuaji pale tu walipozidiwa. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, na katika kundi lililosubiri ni asilimia 39 tu waliokuwa wamehitaji upasuaji. Kipande cha diski kilichotoka mara nyingi husinyaa chenyewe.

Kwa maana hiyo, anachokipata mgonjwa wa namna hii kwa upasuaji ni muda, na muda hauna bei moja kwa watu wote. Mtumishi mwenye mshahara na likizo ya ugonjwa anaweza kuvumilia miezi mitatu ya dawa na mazoezi. Mbeba mizigo wa sokoni hawezi. Miezi mitatu kwake ni kodi ya nyumba, ada ya watoto na pengine nafasi yake ya kazi. Lakini yeye ndiye mwenye fedha kidogo za kulipia upasuaji, na ndiye atakayerudi kunyanyua magunia kabla kidonda hakijakauka. Daktari anayepima haya yote bila kumwuliza mgonjwa anaishije anapima nusu ya jambo.

Kwa wazee, mara nyingi tatizo ni mfereji wa uti wa mgongo uliokuwa mwembamba. Mzee hutembea hatua chache, miguu ikawa mizito, akalazimika kuketi au kuinama mbele ndipo apate nafuu. Kupanua mfereji huo humsaidia. Mjadala uko kwenye vyuma. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2016 kwa wagonjwa 247 haukuona kwamba kuongeza skrubu za kuunganisha pingili kuliwapa hali bora baada ya miaka miwili, ilhali upasuaji ulikuwa mrefu zaidi, damu ilipotea zaidi na gharama ilipanda. Utafiti wa Marekani wa mwaka huo huo uliona faida ndogo kwa wagonjwa ambao pingili yao ilikuwa imeteleza, hivyo hoja haijafungwa. Pingili iliyovunjika au isiyo imara inahitaji kushikiliwa, na hakuna mtaalamu anayepinga hilo. Ila familia inayotaka kuuza kiwanja ili kununua vyuma ina haki ya kuuliza vinakwenda kushikilia nini, na kupewa jibu linaloeleweka bila kuonekana imemkosea daktari adabu.

Kuhusu maumivu ya kiuno peke yake, watafiti wa Norway mwaka 2003 na wa Uingereza mwaka 2005 walilinganisha kuunganisha pingili na programu nzito ya mazoezi na mafunzo. Hawakupata tofauti ya wazi. Neno la kuzingatia hapo ni “nzito”. Mgonjwa aliyepewa diklofenaki kwa miezi sita na karatasi yenye michoro ya mazoezi hajajaribu tiba isiyo ya upasuaji. Amemeza vidonge vinavyoweza kumdhuru tumbo na figo, kisha ataandikiwa kwamba tiba hiyo imeshindikana. Wilaya isiyo na mtaalamu wa fiziotherapia inawasukuma watu wake kwenye chumba cha upasuaji bila kujua.

Wapo pia wanaokimbia upasuaji kwa kuamini kwamba atakayeguswa mgongo atapooza. Madhara yapo: maambukizi, kuvuja kwa maji ya uti wa mgongo, diski kutoka tena, kupooza kutokana na upasuaji wa kiuno ni nadra. Mgonjwa aliyeshindwa ghafla kukojoa, aliyepata ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri, au ambaye miguu yote miwili inalegea, hana wiki za kutafakari. Apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo. Homa za jioni, kukonda na kibiongo kinachoota taratibu huhitaji uchunguzi wa kifua kikuu cha mgongo, ambacho kwa wagonjwa wengi hutibiwa kwa dawa, bila kisu.

Kuna jambo moja la foleni ambalo halizungumzwi. Upasuaji uliopimwa Uholanzi ulifanyika ndani ya wiki chache. Mgonjwa anayepangiwa tarehe ya miezi minane mbele anaweza kufika siku ya kulazwa akiwa amepona bila kuambiwa kwamba hilo lingewezekana, huku familia imekwisha kuchangishana na yeye akiona aibu kurudi nyumbani bila kupasuliwa. Asubuhi hiyo, kabla ya mtaalamu wa nusu kaputi kuitwa, daktari amsimamishe, amtembeze wodini, amwinue mguu, na amwulize upya unaumaje.