Jicho la Kutafuta Wachezaji Halijafika Masalani

Alasiri moja hapa Masalani, karibu na Mto Tana, niliwatazama vijana wakicheza mpira mpaka adhana ya magharibi. Nikamkumbuka Masai Ujiri, ambaye mamake ni Mkenya. Alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa huko Ulaya, wala hakupata jina kubwa. Mwaka 2002 akaanza kuwatafutia Orlando Magic wachezaji, bila mshahara! Mwaka 2019, yeye akiwa mkuu wa Toronto Raptors, klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa NBA. Waama, jicho la namna hiyo nalo ni kazi. Lakini mtafutaji hufuata barabara na mashindano, na mvua kubwa ikinyesha barabara yetu ya Garissa hukatika. Hawa nani atawaona? Mimi naona mchezaji wetu mmoja aliyestaafu, akipewa nauli, anatosha kuanza.