Ugumu Si Uimara

Mafundi wa mtaani kwetu wana neno moja ambalo limeshapasua vyuma vingi na kuumiza watu: "Kaza!" Gari likigonga chini, kaza. Likiruka, kaza. Likiyumba, kaza zaidi. Naandika insha hii kuipinga amri hiyo, wala sitajificha nyuma ya mafundi, kwa sababu spana iliyokaza mara ya mwisho ilikuwa mkononi mwangu.

Nyumbani kwetu ni Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya gereji, na gereji nyingi ziko kando ya barabara tu. Hapo, mbele ya nyumba ya mjomba, tuliunda bagi: kigari cha mabomba ya chuma kisicho na milango wala boneti, injini nyuma, cha kukimbizia kwenye mchanga na njia za mashambani. Karibu kila kitu kilikuwa kimetumika, zikiwemo shokapu mbili za nyuma, ambazo mafundi wetu, kwa kufuata Kifaransa, huziita amotisa. Kila moja ilikuwa imevishwa springi yake.

Tulizilaza mno, kiasi cha nyuzi 45, kwa sababu tuliona zinapendeza zikilala. Siku ya kwanza nyuma ikagonga chini. Ushauri ukaja kutoka kila kibaraza: kaza springi. Nikazungusha nati mpaka uzi wake ukaisha, kisha tukaongeza vipande vya bomba chini ya springi. Nyuma ikapanda juu kama mkia wa jogoo, na watazamaji wakasifu. Lakini aliye juu mngoje chini. Mdogo wangu alipopita kwenye tuta dogo tu, nyuma ilirushwa hewani, pua ikachimba mchanga, kigari kikapinduka. Mabomba yalimkinga kichwa. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilivunjika.

Wako waliosema ni bahati mbaya. Nakataa. Ilikuwa hesabu mbaya, na hesabu mbaya ina mwenyewe.

Kwanza, si kweli kwamba kukaza nati kunaongeza ugumu wa springi. Springi inayohitaji kilo 36 ili ibonyee sentimita 1 itabaki hivyo hivyo hata ukaze mpaka jioni. Unachofanya ni kuliinua gari na kulinyang'anya gurudumu nafasi ya kushuka. Gari likiwa limesimama na dereva wake ndani, gurudumu la nyuma linapaswa kuwa limeshatumia kama theluthi moja ya mwendo wake wote. Theluthi hiyo ndiyo akiba yake ya kushukia shimoni. Theluthi mbili zilizobaki ni za kupandia mawe na matuta. La kwetu lilikuwa na mwendo wa zaidi ya sentimita 30, nalo lilikuwa limetumia 3 tu. Lilikuwa karibu kuning'inia.

Pili, watu huchanganya kazi ya springi na kazi ya mafuta. Springi hubeba uzito na, ikibanwa, hurudisha nguvu iliyopokea. Mafuta yaliyomo ndani ya silinda, yakilazimishwa kupita kwenye matundu madogo, ndiyo yanayoituliza nguvu hiyo isirudi kwa kishindo. Silinda zetu zilikuwa zinavuja. Tuliona. Tukazipangusa kwa kitambaa, tukaendelea kukaza.

Tatu, na hapa ndipo chanzo chenyewe kilipokuwa: pembe na mahali pa kufungia. Mkono wa nyuma wa bagi yetu ulikuwa na sentimita 60 kutoka kwenye bushi hadi kwenye gurudumu. Shokapu tuliifunga kwenye sentimita ya 40, yaani theluthi mbili ya urefu. Gurudumu likipanda sentimita 3, springi hubonyea 2 tu. Na nguvu yake pia hufika gurudumuni ikiwa imepungua kwa kiasi hicho hicho. Ukizidisha theluthi mbili kwa theluthi mbili unapata sehemu 4 kati ya 9. Kwa hiyo ile springi ya kilo 36, hata shokapu ikisimama wima juu ya mkono, gurudumuni ni springi ya kilo 16. Ukiilaza nyuzi 45, inabaki nusu yake: kilo 8. Springi yetu haikuwa dhaifu. Tuliidhoofisha wenyewe kwa kuilaza, kisha tukataka nati itulipie deni.

Sasa nije kwetu sisi wasomi. Siku ile tunakaza, rafiki yangu anayesomea uhandisi alikuwa amesimama pale pale. Hesabu hii anaijua. Aliijibu kwenye mtihani, kwa Kifaransa. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alinyamaza, alinijibu: "Sikujua nimwambieje mjomba wako." Jibu hilo limeniuma kuliko ajali yenyewe. Elimu ilikuwepo, hatua mbili kutoka kwenye gari, lakini haikuwa na mdomo.

Mimi nasoma Kiswahili, si uhandisi. Nilimwita mjomba mlangoni, nikamwambia, "Mjomba, sukuma mlango huu ukiushika karibu na bawaba." Akasukuma, ukawa mzito. "Sasa shika kwenye kitasa." Akasukuma, akanyamaza kidogo, akacheka: "Kumbe shokapu yetu tumeisogeza karibu na bawaba!" Ni yeye aliyekwenda kuazima mizani ya kupimia magunia ya mchele. Tulipata kilo 160 za kubebwa na kila springi ya nyuma, baada ya kutoa uzito wa gurudumu na viungo vyake. Tukabadilisha silinda, tukasimamisha shokapu, tukaweka mpira wa kuzuia gurudumu lisipande kupita kiasi na mkanda wa kulizuia lisishuke kupita kiasi. Kwa springi ya kilo 16, kilo 160 zilishusha nyuma sentimita 10. Mwendo wote ni 30. Theluthi moja, bila kukaza kitu.

Sisemi mafundi ni wajinga. "Kaza" ilizaliwa kwenye pikapu zinazobeba kuliko uwezo wake, na huko kuongeza jani la springi kuna maana. Kosa ni kuihamisha dawa ya mgonjwa mmoja kwa mgonjwa mwingine bila kumpima.

Wahadhiri wetu na wanafunzi wenzangu, kila mwaka tunaandika insha za kusifu kukua kwa Kiswahili. Naomba tupunguze sifa, tuongeze kazi. Lugha inayosemwa gerejini kutwa nzima haijashindwa kueleza pembe na uzito. Tulioshindwa ni sisi, tunaoacha hesabu darasani tukivuka lango.

Mkono wa mdogo wangu umepona, ingawa haupindi kama zamani. Juzi aliomba kuendesha tena. Kabla sijampa ufunguo nilichukua tepu, nikapima nyuma akiwa ameketi. Spana niliiacha sandukuni.