Ngũgĩ wa Thiong'o: Twamsifu, Lakini Je, Twamsoma?

Tangu Ndugu Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki huko Marekani tarehe 28 Mei, 2025, akiwa na umri wa miaka 87, sifa zake zimejaa kila mahali. Hata wale waliokuwa wakimkwepa alipokuwa hai sasa wamwita ndugu. Nasi twamsifu. Lakini twawauliza wanachama wenzetu, wala wasikasirike: ni nani kati yetu ambaye mtoto wake amekwisha kusoma hadithi hata moja ya mtu huyu?

Wako wasemao kwamba mwandishi hupimwa kwa tuzo. Haya, na tuzitaje. Riwaya yake ya kwanza kuchapwa, Weep Not, Child, ilitoka mwaka 1964, na mwaka 1966 ikatuzwa katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi huko Dakar. Mwaka 2016 Wakorea walimpa tuzo ya Park Kyong-ni. Ile ya Nobel hakuipata, ingawa magazeti yalimtabiria mara nyingi. Hilo sisi halituumizi kichwa.

Linalotugusa ni jingine. Alipokuwa mtoto huko Limuru, wakati wa Hali ya Hatari, mwanafunzi aliyesikika akisema Kikuyu shuleni alichapwa fimbo, au alivikwa kibao shingoni cha kumtangaza kuwa ni mjinga au punda. Wazee wetu wengi wakijua kibao hicho. Mtoto huyo akakua, akakijua Kiingereza kuliko Waingereza wengi, kisha akaacha kukitumia katika riwaya.

Na hapa yafaa tuseme kweli. Aliyemfunga hakuwa Mwingereza. Mwaka 1977 kitabu chake cha Petals of Blood, kilichowaumbua wakubwa kwa Kiingereza, kilizinduliwa na waziri wa serikali. Mwaka huo huo yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakatunga mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ukachezwa na wakulima na wafanya kazi wa Kamĩrĩĩthũ katika uwanja walioujenga wenyewe. Baada ya majuma machache mchezo ukapigwa marufuku, na tarehe 31 Desemba askari wakamchukua. Akawekwa Kamiti karibu mwaka mzima bila ya kushtakiwa, na serikali ya nchi huru! Humo ndimo alimoandika Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi za chooni. Wakubwa walikuwa wamefahamu vizuri sana. Kitabu cha wenye elimu hakikuwatisha. Walichokiogopa ni maneno ambayo mama wa shambani angeyasikia na kuyacheka.

Chama chochote kidaicho kusema kwa niaba ya wananchi, na chetu kimo, hakina budi kujiuliza kingemfanyaje mtu wa namna hiyo.

Mwaka 1982 akawageukia watoto. Akatoa hadithi ya Njamba Nene, kijana maskini anayedharauliwa shuleni kwa kushika lugha na mambo ya kwao. Basi la shule linaruka angani, linawaangusha msituni, na wale hodari wa Kiingereza hawajui la kufanya. Njamba Nene ndiye awaongozaye kurudi nyumbani. Katika hadithi iliyofuata kijana huyo anatumwa kupeleka mkate, kumbe ndani yake mna bastola. Ni mtoto gani ambaye hatakaa kimya kusikiliza? Hata uzeeni alitunga kisa cha mikono na miguu kushindana, na jinsi binadamu alivyopata kusimama wima. Kisa hicho kimefasiriwa katika lugha zaidi ya 100, na Kiswahili kimo.

Basi vitabu vipo. Shetani Msalabani na Nitaolewa Nikipenda vilitoka kwa Kiswahili tangu mwaka 1982. Visingizio vyetu twavijua: kitabu ni ghali, watoto wana mitihani. Lakini fedha za fulana na kofia za mikutano hazijapata kukosekana.

Twatoa shauri hili kwa makatibu wa matawi. Kabla ya kuagiza fulana nyingine, nunueni vitabu vichache, na Jumamosi alasiri mtu mmoja mwenye sauti nzuri awasomee watoto pale pale ofisini. Kitakachosomwa kwanza na kiwe kile cha mikono na miguu, kwa sababu ni kifupi, na wazee watakaopita mlangoni watasimama wasikilize.