Wasee, Acheni Kununua Uzi Usioonekana

Tangu niweke ile video ya kuvua Malindi, mbogi yote inaniuliza kitu kimoja: ninunue lida gani? Na wengi wenu mshapata jibu kwa jamaa fulani wa Florida: florokaboni, kwa sababu samaki haioni. Mimi nasema zii. Kama unatoka Umoja ama Kayole na basi ya usiku kwenda kurusha ndoana ukiwa umesimama ufuoni, nunua nailoni nene ya kawaida.

Kwa wale hawajui, lida ni kile kipande cha uzi kinachounganisha mshipi wako mkuu na ndoana na chubwi. Mzee wa Pwani anayevua kwa mkono hana haja na hilo jina, kwake yote ni mshipi tu. Lakini sisi tunakuja na fimbo na rili iliyojaa braidi, ule uzi mwembamba wa kusokotwa. Braidi ina nguvu noma ukiivuta moja kwa moja, ila haivutiki hata kidogo kama mpira, na ikisugua jiwe la matumbawe inakatika kama uzi wa kushonea. Hapo ndipo lida inaingia.

Sasa hii stori ya kutoonekana. Si uongo, na nimeisoma vizuri. Mwanga hupinda ukipita kwenye kitu, na kila kitu kina kipimo chake: maji ni 1.33, florokaboni ni kama 1.42, nailoni inapita 1.5. Kadiri kipimo cha uzi kinavyokaribia cha maji, ndivyo uzi unavyopotea machoni. Sawa. Lakini hesabu hiyo ni ya maji maangavu.

Malindi si hivyo. Mto Nairobi, huu wetu unaopita Gikomba na Dandora ukibeba kila kitu tunachotupa, unaingia Athi. Athi mbele inaitwa Galana, halafu Sabaki, na Sabaki inamwaga baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Mvua ikinyesha huku juu, bahari kule inageuka rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo maana pale kuna mchanga mwingi na mawimbi ya ukweli, tofauti na Nyali ambako mwamba unayavunja mbali na ufuo. Nikiwa nimesimama kwa hiyo chai na lida yangu ya bei, mzee mmoja aliyekuwa anavua karibu akaniuliza uzi huu una nini cha ajabu. Nikamwambia, baba, huu samaki hawauoni. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, wewe mwenyewe huoni miguu yako humo majini. Huyo samaki avae miwani?"

Hiyo ilikuwa aibu tu. Kilichonibadilisha akili ni kitu kingine.

Kwa vile florokaboni nene ni ghali sana, nilikuwa nimenunua nyembamba, ya kubeba kilo 8 hivi. Chubwi langu lilikuwa plagi kuukuu 2 za gari kutoka Grogan, zimefungwa pamoja. Jumla kama gramu 100. Nikavuta fimbo nyuma, nikarusha kwa nguvu zote ndio video itoke poa. Lida ikakatika katikati ya mrusho. Plagi hazikuenda baharini. Ziliruka kando na kuzama mchangani hatua chache kutoka kwa watoto waliokuwa wanajenga nyumba za mchanga. Mama yao hakupiga kelele. Alizifukua, akaniletea, akaniwekea mkononi, akaondoka nao. Hiyo klipu sikuweka.

Ukirusha, uzi haubebi uzito wa chubwi peke yake, unabeba mara nyingi zaidi. Wavuvi wa ufuoni duniani wana kanuni rahisi: kwa kila gramu 28 za chubwi, lida ibebe angalau kilo 4.5. Piga hesabu ya plagi zangu. Nilihitaji kama kilo 16, nilikuwa na nusu. Na huu si mchezo wa samaki tena. Desemba nusu ya Eastlands iko Pirates na familia.

Ndio maana nasema nailoni. Ya kilo 18, unene kama milimita 0.6, unaipata kwa bei ambayo haitakulaza njaa. Inavutika kidogo, kwa hiyo inameza ule mshtuko. Fundo lake linakaa bila drama, lilambe tu kabla ya kukaza. Ubaya wake ni kwamba inanyonya maji na kulegea kiasi, na jua linaiharibu, kwa hiyo badilisha mara kwa mara. Haitakuuma mfukoni.

Florokaboni ina mahali pake. Maji ya Diani yakiwa kama kioo na changu wanachagua chagua, weka kipande kifupi karibu na ndoana, lakini uzi wa kurushia ubaki nailoni. Waya ni ya wenye meno, mzia na nguru. Usiitumie kila siku, kolekole hawezi kukukatia uzi mnene.

Na kabla mtu aniulize kuhusu sheria: zilizopigwa marufuku Kenya ni nyavu za nailoni ya uzi mmoja. Mshipi wa ndoana si wavu. Ila ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu usirushe kitu, zimelindwa tangu 1968. Na vipande unavyokata rudi navyo mfukoni, kasa wa Watamu wananasa humo.

Urefu? Mara 2 ya fimbo yako, ili ukishika kurusha bado kuna mizunguko kadhaa ya lida kwa rili. Angalia nyuma na kando kwanza. Mimi siku hizi nangoja hata kama jua linazama na mwanga wa kamera unaisha.