Ati Kiswahili Kina "Sana" Tu!

Kuna dai linalorudiwa tangu vyumba vya walimu mjini Unguja hadi mapokezi ya hoteli za Bwejuu: Kiingereza hupima mambo kwa mizani ya sonara, "very", "quite", "rather", na sisi tuna "sana" tu, tunaipachika kila pahala. Dai hili ni la uongo, na limewafanya vijana wetu waionee haya lugha yao.

Itazame hiyo "quite". Muingereza akisema "quite impossible", jambo haliwezekani katu. Akisema chakula ni "quite good", mara nyingi maana yake ni kizuri kiasi, si cha kusifiwa. Mmarekani akitamka maneno hayo hayo, aghlabu anasifu. Sasa kijana wa mapokezi anayesoma daftari la maoni ya wageni afurahi au asikitike? Wenye lugha wenyewe hawaelewani, nasi tunaambiwa tuihusudu! "Very" nayo imetokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kweli. Basi sisi si tunasema "tamu kweli" na "baya hasa"?

Shuka pwani ya Bwejuu wakati wa bamvua, wanawake wanaporudi kutoka kwenye mwani, zao lililoanza kulimwa upande huu wa kisiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wasikilize. Polo limejaa pomoni. Nguo zimelowa chepechepe. Shoga yao amechoka hoi. Bahari imetulia tuli, mchanga mweupe pe. "Sana" haikuitwa hata mara moja, na kila neno limeshika mwenzake: mtu halowi pomoni wala hachoki pe. Bamvua yenyewe ni kipimo, maji yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine zote, kinyume cha maji mafu. Mkulima wa mwani hupanga kazi yake kwa tofauti hiyo, maana shamba halifikiki kila siku.

Ufukara uko kwenye ufundishaji. Skuli, vielezi viigizi, yaani maneno kama hayo ya pomoni na chepechepe, hupewa mistari michache ya kukariri, mtihani ukipita vimesahauliwa. Nimeona insha ya mtoto aliyeandika "giza totoro" ikapigwa kalamu nyekundu, juu yake ikaandikwa "giza sana". Hilo limeniuma. Mtoto alijua, aliyemsahihisha ndiye aliyempokonya.

Watasema maneno haya ni ya mitaani, hayafai kwa kazi rasmi. Lakini mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lahaja ya kujengea Kiswahili sanifu, ulichagua Kiunguja, maneno ya mitaa ya mjini Unguja. Mwalimu yeyote wa Bwejuu au Paje na awape watoto kazi ya kuandika ukurasa mzima juu ya mwani bila ya "sana" hata moja. Kisha ausome kwa sauti mbele ya wenzake katika chumba cha walimu, wale wanaosema hatuna maneno.